Pete ya Feza

Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Mpanda, na kwa sababu hiyo watu wa nyumbani kwetu wananiogopa kidogo. Nikiwa nimekaa nao, mtu hasemi "zahabu" bila kunitazama kwanza. Akisema nami nikanyamaza, wanajua ninaumwa. Dh ni kazi ndogo tu, ncha ya ulimi kati ya meno basi, lakini huku kwetu, ambako karibu kila mtu alinyonya lugha nyingine kabla ya Kiswahili, ulimi umekataa katakata kuchungulia nje. Zahabu, feza, zambi. Nimepigana vita hivi tangu niajiriwe na sijateka hata kitongoji kimoja.

Mwaka jana niliwauliza wanafunzi wangu reli ya Mpanda ililetwa kufuata nini. Sisi wazee wetu walituambia kwamba ililetwa kufuata risasi, yaani yale madini mazito ya kijivu yaliyochimbwa hapa zamani za Waingereza. Mmoja akaandika kwamba ardhi ya Mpanda ina risasi nyingi kwa sababu mababu zetu walipigana sana. Nilicheka mpaka nikafuta machozi, kisha nikampa maksi ya huruma, maana hakukosea sana. Neno ni lile lile. Madini yalikuwa na jina lake, bunduki ikaja ikaliazima na haikulirudisha. Majina ya madini ndivyo yalivyo, hayakai yalipowekwa.

Nayasema haya ili nieleweke ninaposimulia jinsi neno fedha lilivyokaribia kumnyima shangazi yangu mume.

Shangazi huyu ni dada mdogo wa baba, na ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki. Tunakaa Majengo, katika nyumba ile ile ya babu, yeye na baba na mimi. Anauza mchele wa Majimoto sokoni, na mdomo wake unajulikana soko zima. Ukimwambia mchele wake una chenga, anakuuliza kama meno yako yote ni mazima. Lakini jioni, akisharudi nyumbani, ni mtu mwingine. Anavua viatu, ananyoosha miguu juu ya mkeka, anataka nimsomee insha za wanafunzi wangu, na kila aliyefeli anamhurumia. Nampenda mtu huyu kuliko ninavyoweza kuandika.

Mume wake wa kwanza alikuwa fundi cherehani, na fundi mzuri, mpaka siku jirani yetu mmoja alipopata punje ya dhahabu huko machimboni. Baada ya hapo cherehani iliingia chini ya kitanda, na fundi akaingia chini ya ardhi, kwenye yale mashimo ya wachimbaji yanayoitwa maduara. Mwanzoni alirudi kila Ijumaa, na matope na hadithi. Baadaye ikawa mara moja kwa mwezi, kisha akasikia kwamba Chunya kuna mwamba bora zaidi, na kutoka Chunya sijui alielekea wapi. Talaka yake ililetwa na dereva wa lori. Dereva yule alikula kwanza, akanawa, akashukuru kwa chakula, ndipo akasema. Shangazi alimwambia asante kwa kufikisha, akamfungia na maandazi ya njiani, akaenda kuoga. Alikaa bafuni mpaka maji ya pipa yakaisha.

Tangu hapo hakuvaa tena dhahabu. Watu walidhani ni uchungu tu, na uchungu ulikuwepo, lakini shangazi alikuwa na hoja yake, tena ya kisomo. Alipokuwa msichana madrasa, mwalimu wao alikuwa na mazoea ya kuwafungulia maneno ya Kiarabu kama mtu anayemenya chungwa. Siku moja aliwaambia kwamba dhahabu, yaani dhahab, inaandikwa kwa herufi zile zile za dhahaba, na dhahaba maana yake ni amekwenda, ameondoka. "Msiipende sana," aliwaambia. "Jina lake lenyewe linaaga."

Nilipokuwa chuoni nililitafuta jambo hili kwenye kamusi. Herufi kamusi ilizikubali, zile tatu, hakuna iliyopungua. Kuhusu undugu wenyewe ilinyamaza, na nadhani wataalamu wa lugha wangecheka. Lakini nenda kamwambie hivyo mwanamke aliyeletewa talaka na dereva wa lori.

Fedha nayo tuliipata kwa Waarabu wale wale, kutoka neno lao fidda. Ni jina la yale madini meupe yanayong'aa kama maganda ya dagaa. Kwa kuwa sarafu zilifuliwa kwa madini hayo, aliyekuwa nayo mfukoni alisemekana ana fedha, na taratibu kila pesa ikawa fedha, hata ya karatasi, hata hii ya leo tunayotumiana kwa simu ambayo haiwezi kung'aa wala kulia ikidondoka. Pwani maana zote mbili zimebaki. Lakini neno hili lilipopanda kuja bara, nadhani madini yalidondoka njiani, maana huku ilifika pesa peke yake. Madini yenyewe yakakaa bila jina hadi yalipokuja kuitwa silva. Ukienda leo kwenye vibanda vya urembo pale sokoni ukaulizia mkufu wa fedha, muuzaji atakujibu kwamba yote hapa ni ya fedha, mama, hatutoi bure.

Ila shangazi alikuwa na maana zote mbili. Bibi yake alitoka Tabora na bangili nyeupe mkononi, na aliiita bangili ya fedha mpaka alipokufa nayo. Kwa hiyo kwa shangazi fedha ilikuwa ni bibi, na mkono uliokaa mahali pamoja.

Sasa huyu bwana. Yeye ni mtu wa Ikola, ziwani, aliyefiwa na mke, na watoto wake ni watu wazima. Alikuwa akileta dagaa na migebuka sokoni, na meza yake ilikuwa inatazamana na ya shangazi. Alianza kwa kununua mchele. Leo mchele, kesho mchele, mtu anayekaa peke yake.

"Huyu baba ama anafuga kuku wengi," shangazi aliniambia, "ama ana jambo."

Alikuwa na jambo. Ni mtu mpole, mrefu, anayeongea taratibu kama anayepita juu ya mawe yenye utelezi, na harufu ya samaki haimwachi hata akivaa kanzu ya Ijumaa. Shangazi alianza kumtania kuhusu harufu hiyo, na nilipoona anamtania mbele za watu nilijua mambo yameiva. Nilifurahi mpaka nikasahau kumsahihisha yule bwana aliponiambia kuwa nia yake ni ya zati.

Alituma washenga wawili, kaka yake na rafiki yake. Baba, ambaye ndiye walii wake, aliwakaribisha sebuleni, kisha akaenda kwenye mlango wa chumba cha shangazi kumuuliza, kwa kuwa katika dini yetu mwanamke ndiye anayetaja mahari yake. Shangazi alijibu kutoka nyuma ya pazia, "Pete ya fedha. Sitaki kingine." Baba ni mtu asiyepoteza maneno. Alirudi sebuleni akawaambia wageni, "Anataka pete ya feza. Basi." Wageni wakatazamana, wakasema inshallah, wakamaliza chai, wakaondoka.

Baada ya hapo yule bwana akapotea. Meza yake sokoni ilibaki tupu, na baada ya muda mama mmoja wa nyanya akaanza kupanga bidhaa zake hapo. Shangazi akawa anapima mchele huku macho yapo ng'ambo, na mara mbili nilimwona akizidisha kipimo, jambo ambalo wateja wake hawakuwahi kuliona kabla wala hawatalisahau. Nyumbani hakutaka tena insha. Jioni moja, nikiwa namsuka, aliniambia bila kugeuka, "Na huyu naye kaenda." Niliendelea kusuka.

Kumbe alikuwa ziwani. Baadaye alinisimulia mwenyewe. Washenga walibishana njia nzima mpaka Ikola kuhusu maana ya pete ya feza. Kaka mtu alisema hawa watu wa Majengo ni watu wa mafumbo, hawakuambii kitu hivi hivi. Pete ya feza ni pete ya pesa. Na hapa Mpanda, pete gani ndiyo pesa? Nini kinachowatoa watu makwao kuja kulala porini, wakirudi wamejenga au hawarudi? Zahabu. Mwanamke kaomba pete ya zahabu, ila kwa heshima hakuitaja. Wote wawili waliliona jambo hilo kuwa zuri sana. Yule bwana akalikubali, akarudi majini. Dagaa huvuliwa usiku usio na mbalamwezi, na wavuvi huhesabu kazi yao kwa giza. Alikaa giza moja, akaona haitoshi, akakaa la pili. Hakutuma neno, kwa kuwa alitaka kuja na kitu mkononi.

Aliporudi, alirudi na watu wengi. Tulikuwa tumepewa habari siku chache kabla, na mtu angemwona shangazi siku hizo angedhani ni msichana wa kidato cha nne. Alipika pilau mwenyewe, hakumwamini mtu. Alivaa khanga mpya. Nilikuwa naye chumbani, ndugu zetu wa kike wamejaa kitandani, wakati sahani ilipoletwa ikiwa imefunikwa kitambaa chekundu. Mmoja wao alifunua, na vigelegele vikapasuka.

Pete ilikuwa ya njano. Ilikuwa nene, nzuri, iliyotengenezwa na sonara anayejua kazi, dhahabu ya vilima vya kwetu hapa hapa.

Shangazi aliitazama bila kuigusa. "Nani kasema dhahabu?" aliuliza.

Vigelegele vilikatika kimoja kimoja. Mtu mmoja akacheka, akidhani ni utani wa bibi harusi.

"Mwambieni kaka awarudishie wageni kitu chao," shangazi akasema, na akafunika sahani mwenyewe.

Baba alikuja mlangoni mbio, mtu ambaye huwa hakimbii. "Dada, umerukwa? Umeletewa kikubwa kuliko ulichoomba!"

"Sikuomba kikubwa. Niliomba changu."

Ndugu yetu mmoja, mwanamke wa maneno mengi, akaona ndiyo nafasi yake. "Haya. Mchagua nazi hupata koroma."

"Nazi yenyewe hapa Mpanda inaletwa na gari," shangazi akamjibu. "Niache."

Kisha akatutoa wote chumbani. Pilau ililiwa, kwa sababu pilau haikataliwi, lakini sijawahi kusikia watu wengi kiasi kile wakila kimya namna ile. Walipomaliza walinawa, wakachukua sahani yao na kitambaa chao, wakaenda. Baba alikaa uani akirudia, "Fedha fedheha, fedha fedheha," na safari hii hata yeye alitamka dh vizuri, kwa hasira.

Mimi niliwakasirikia wote. Nilimkasirikia shangazi kwa ukaidi wake, kwa kuwa nilimsikia akilia upande wa pili wa ukuta wangu. Zaidi nilimkasirikia yule bwana. Mtu ameombwa kitu kidogo, mbona anajitia ukubwa? Asubuhi nilimfuata sokoni nikiwa nimejiandaa kwa maneno. Nilimkuta anafunga magunia yake kurudi Ikola.

"Shikamoo," nikasema, kama mtu anayerusha jiwe.

"Marahaba, mwalimu." Macho yake yalikuwa mekundu. "Nyie watu wa Majengo mmenizarau. Kaomba pete ya feza, nimeleta pete ya feza. Kama ni ndogo si angesema?"

"Hukuleta ya fedha. Umeleta ya dhahabu."

"Si ndiyo hiyo?"

Nilifungua mdomo nimsahihishe, nikaufunga. Ilinijia yote kwa mpigo, baba, pazia, washenga, njia ya Ikola. Nikacheka. Haikuwa mahali pake na aliumia, nikaona lazima niseme haraka. "Silva, baba. Fedha ni silva. Alitaka ile pete nyeupe."

Alikaa juu ya gunia. "Silva? Hii wanayovaaga wanafunzi?"

"Hiyo hiyo."

"Mimi nimemaliza giza mbili majini kwa ajili ya silva?" Alitazama mikono yake, ilikuwa imechanika kwa kamba. Nilidhani atatukana, na angekuwa na haki. Akasema tu, "Nataka anieleze mwenyewe kwa nini."

Si desturi yetu mwanamume kuja kuongea na mwanamke aliyemkataa jana. Baba alimtazama akiingia uani, akanitazama mimi, akakumbuka ana kazi msikitini. Nikakaa mimi kama mtu wa tatu. Shangazi alikuwa kwenye kigoda anachambua mchele, na hakuinua uso.

"Mama," yule bwana akasema, "mwalimu kanieleza feza ni silva. Sisi kwetu tunasemaga silva. Ungesema silva ningeleta siku ile ile."

"Nilisema fedha kwa sababu ndiyo jina lake."

"Sawa. Na zahabu imekukosea nini?"

Shangazi alichambua kwanza, akatoa kijiwe, akakitupa. Kisha akamweleza. Alimweleza yote, cherehani na Chunya na dereva wa lori, na mwalimu wa madrasa na zile herufi. Sijawahi kumsikia akimweleza mtu mwingine habari hizo. "Na wewe," akamalizia, "umepotea giza mbili. Nikauliza, huyu kafuata nini? Jana ukanionyesha ulichofuata."

Nilimwomba Mungu yule bwana aseme jambo zuri. Badala yake alisema jambo la kweli.

"Hata mimi nilisomaga madrasa," alisema. "Mwalimu wetu alituambia hiyo ya zahabu. Ila alituambia na ya feza. Alisema na yenyewe ina neno lake la Kiarabu limefanana nalo. Maana yake ni kutawanyika."

Ningeweza kumfinya. Mkono wa shangazi ulisimama juu ya ungo. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amebeba nusu ya somo, na hii ndiyo nusu iliyobaki, analetewa na mtu mwenyewe aliyetaka kumwoa. Niliona uso wake ukishuka, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba amezeeka.

"Basi hakuna chenye jina zuri," akasema.

"Sijui," yule bwana akasema. "Sisi kwetu kutawanya siyo kubaya. Dagaa usipowatawanya mchangani wanaoza. Asubuhi tunawatawanya, jioni tunawakusanya."

Shangazi alimtazama sasa. "Na mvua ikinyesha wakiwa wametawanyika?"

"Ikinyesha tunakimbia wote. Aliye jikoni anakimbia, aliyelala anakimbia. Hakuna anayekusanyaga peke yake, hawezi kuwahi."

Kuku walikuwa wamesogea karibu na ungo, na hakuna aliyewafukuza. Shangazi alishusha macho kwenye mchele wake, na sauti iliyomtoka haikuwa ile ya sokoni.

"Mimi nimekusanya peke yangu," alisema.

Yule bwana alivua kofia yake, akachuchumaa upande wa pili wa ungo, na akaanza kutoa vijiwe.